Kisigino cha Ami na Lenzi ya Bei ya Simu

Jumamosi iliyopita nilialikwa kwenye makabidhiano. Kituo cha afya, sikitaji, kimepakwa rangi, kimetiwa vigae, na ukumbi wa kusubiria umewekewa televisheni kubwa kuliko dirisha lililokuwapo pale zamani. Hotuba tatu, utepe mmoja, soda na sambusa. Kila aliyeshika kipaza sauti alisema "vifaa vya kisasa". Mie nikangoja watu wazishughulikie sambusa, nikamfuata nesi mmoja pembeni.

"Mwanangu, mna demoskopu hapa, ile lenzi yenye taa ya kutazamia ngozi?"

Akanitazama kama niliyemuuliza wanapoegesha ndege. "Ya nini, mwalimu?"

Ya nini! Nimerudi nyumbani swali hilo limenikwama kooni kama mwiba wa changu, na leo nalitema hapa.

Nna ami yangu Pemba, upande wa kaskazini. Amepanda mikarafuu tangu hajabalehe, na msimu wa karafuu ukiisha huenda dago, kambi ya wavuvi, na wenzake. Viatu kwake ni vazi la Ijumaa. Miaka miwili iliyopita alitokwa na doa jeusi kisigino cha kulia, dogo kama punje ya choroko. Yeye akasema mwiba wa baharini umekatikia ndani. Mkewe akasema sugu. Mara ya kwanza kituoni (kingine, nacho sikitaji) wakasema fangasi, wakampa dawa ya kupaka. Mara ya pili wakasema kidonda, wakampa vidonge. Mara ya tatu akaambiwa ajizoeze kuvaa ndara. Hapo choroko imeshakuwa kunde, na ukingo mmoja umetambaa kama wino uliomwagikiwa maji.

Sitaki kumlaumu mtu kwa hilo, ingawa ulimi unaniwasha. Jicho tupu juu ya ngozi nyeusi, tena ya kisigino kilichokomaa kama gome la mnazi, litaona nini? Litaona weusi. Kwetu weusi si habari.

Aliyeona ni kijana wa jirani, daktari mchanga, aliyerudi kula Idi kwao. Alimkuta ami kakaa mkekani kanyoosha mguu. Akatoa mfukoni kidude kidogo chenye taa, akapaka ile jeli ya kusafishia mikono juu ya doa, akaweka lenzi, na simu juu ya lenzi. Dakika mbili hazikufika. Akafuta jeli, akanyamaza, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Ami, jitayarishe, twende Unguja."

Baadaye nilimbana anionyeshe ile picha. Tangu siku ile sijaacha kuwachosha watu kwa habari ya matuta, na wewe msomaji leo zamu yako.

Aliyelima muhogo au viazi vitamu anajua tuta na anajua mfereji. Basi unyayo wako ni shamba la matuta, mistari ile ile inayoacha alama ya vidole kwenye fomu za mirathi. Ukitazama hivi hivi, ngozi ya juu inakurudishia mwanga usoni, huoni kitu. Lenzi inakuza mara 10, na jeli (au taa iliyochujwa, kwa zile zisizohitaji jeli) inaua mng'ao huo, jicho likapenya chini kidogo. Hapo shamba linafunguka. Doa lisilo na ubaya, kwa kawaida, rangi yake imelala mferejini. Melanoma, ile saratani ya ngozi inayoanzia kwenye rangi, ikiwa changa ni kinyume: rangi imepanda juu ya tuta, na katikati ya tuta vile vitundu vya jasho vimejipanga vyeupe kama shanga kwenye uzi. Kisigino cha ami kilikuwa hivyo. Hata mie nisiyejua kitu, nilipoonyeshwa mara moja niliona.

Japani, ambako melanoma nyingi huota nyayoni kama zilivyo zetu, daktari wa ngozi Toshiaki Saida na wenzake walitoa hesabu zao mwaka 2004: rangi ya juu ya matuta ilionekana kwenye melanoma 86 katika kila 100, na madoa yasiyo na ubaya 99 katika 100 hayakuwa nayo. Nitafutieni kipimo kingine cha mfukoni chenye adabu kama hiyo.

Tatizo letu ni kwamba ukitaja saratani ya ngozi, mtu anamuwazia Mzungu aliyejianika Nungwi mpaka kaiva kama pweza. Bob Marley hakujianika popote. Yake ilikuwa chini ya ukucha wa kidole cha mguu, ikadhaniwa jeraha la mpira, ikatambuliwa 1977, naye akafa Mei 1981 na umri wa miaka 36. Fulana za uso wake tunawauzia watalii Mji Mkongwe, kisa cha mguu wake hatukisimulii. Watu weusi melanoma yetu hupenda nyayo, viganja na kucha, pahala ambapo jua halina kesi ya kujibu. Ajabu ni kwamba hapo ndipo asipotazama mtu. Nani kwenu amewahi kwenda spitali akaambiwa, "Geuza unyayo nikuone"?

Na unene wa kitu hiki hupimwa kwa milimita. Kikikatwa hakijatimia milimita 1, matumaini ni makubwa sana. Kikishazama, habari nyingine. Cha ami kilishazama. Wamemkata nyama ya kisigino, wamempapasa tezi za kinenani, anatembea na mkongojo na kila miezi kadhaa anapanda boti kwenda kutazamwa. Kile kipindi cha fangasi, kidonda na ndara, ndizo milimita zenyewe.

Haya, nijibu wanaonisubiri kwenye kona.

Ghali? Zipo za bei ya simu ya kawaida, zipo za bei ya simu ya kuringia. Uza ile televisheni.

Wataalamu hakuna? Kwani nimesema kila shehia ipelekewe bingwa wa ngozi? Mabingwa wenyewe wa kuhesabu kwa vidole. Nesi au afisa tabibu haombwi ataje jina la ugonjwa. Anaombwa apepete: huyu akae, huyu aende. Kwa madoa ya sehemu nyingine za mwili kuna maswali matatu yaliyotungwa makusudi kwa wasio mabingwa: je, rangi na sura hazilingani pande mbili? Je, ule wavu wa rangi umevurugika, kamba nene hapa, nyembamba pale? Je, kuna ubuluu au weupe ndani yake? Mawili yakiwa ndiyo, andika rufaa. Na wa kufundisha wapo, si lazima kupanda ndege kwenda Ulaya. Pale KCMC, hospitali ya rufaa ya Moshi, kituo cha mafunzo ya ngozi kipo tangu 1992, na wanaofundishwa ni pamoja na maafisa tabibu, watu wa kazi za kila siku.

Hapa lakini nikiri, japo kwa kununa, maana yule kijana alinikemea niliposema zinunuliwe kesho zigawiwe. Lenzi bila mafunzo ni toi. Imeshapimwa: asiyefundishwa hutazama na akaona vibaya kuliko alivyoona kwa jicho lake. Tena ngozi zetu zina hila zao. Madoa ya kahawia nyayoni kwa watu weusi ni kitu cha kawaida, na mengine, bila ubaya wowote, rangi hupanda juu ya matuta. Damu iliyovia chini ya ngozi nayo hujifanya hivyo hivyo, mpaka uikwangue. Na hina, na piko! Rangi ya kupaka hukaa juu ya matuta, sasa hebu mpeleke bibi harusi wa siku tatu mbele ya nesi aliyesoma kwa kitabu cha Wajapani peke yake. Mafunzo yetu yafanywe kwa nyayo zetu, zenye ufa, zenye hina, zenye tope la mwani. Vitabu vingi vya ngozi ukivifungua mkono uliopigwa picha si wa jirani yako.

Na ndiyo, rufaa bila maabara ya kukipima kinyama kilichokatwa ni tiketi ya boti tu. Najua. Lakini asiyetambuliwa hata hiyo tiketi haandikiwi.

Mazuri mengine ya lenzi hii nayapitia mbio. Upele: yule mdudu huonekana mwisho wa kijishimo chake kama pembetatu ndogo nyeusi, basi humpi mtoto dawa ya mzio miezi mitatu. Mapunye ya watoto wa chuoni: nywele zimejikunja kama koma. Ndugu zetu wenye ualbino, ambao jua linawala kweli, wanastahili kutazamwa nayo kila wanapofika kituoni, wala wasisubiri kidonda kisichopona. Kwa ukoma isikudanganye, pale kipande cha pamba cha kujaribia ganzi kinaishinda.

Yule nesi wa Jumamosi nilimuonyesha picha ya kisigino cha ami kwenye simu. Aliishika muda mrefu, sambusa yake ikapoa. Akasema, "Mwalimu, mie nimeshawaona wawili kama huyu." Sikumuuliza wako wapi.

Kwangu watu wanavua viatu mlangoni, kwa hiyo nyayo naziona za kila mtu, na nimekuwa mtu wa kuchungulia bila haya. Juzi mama alikuja kutoka harusini, miguu imejaa hina na piko hadi vidoleni. Nikamwambia anyooshe nimtazame. Akaikunja chini ya kanga.

"Ngoja ifutike," akasema. "Na wewe ushakuwa daktari wa visigino?"

Nimeitia tarehe kwenye kalenda.