Insulini ya shangazi isitiwe kwenye kapu moja na kondoo Dolly

Juzi kwenye kundi la ukoo ilizungushwa sauti ya mhubiri mmoja anayefoka kwamba kloni zote, yaani nakala za viumbe au za jeni, ni kumwingilia Mungu kazi yake, na dawa zinazotokana nazo ni haramu. Shangazi yangu, anayejidunga insulini ya kisukari asubuhi na jioni, akanipigia: "Mwanangu, hii yangu nayo imo?"

Imo, Shangazi, na usiiache! Zamani insulini ilitolewa kwenye kongosho za nguruwe na ng'ombe waliochinjwa. Mwaka 1978 watafiti wa kampuni ya Genentech na kituo cha tiba cha City of Hope, huko California, waliunda jeni (maagizo ya kutengeneza) za insulini ya binadamu, wakazipachika kwenye vipete, yaani pete ndogo, vya DNA na kuviingiza ndani ya bakteria. Bakteria akigawanyika, kipete nacho hunakiliwa, na jeni yake ndani. Kutoka mmoja unapata mamilioni, wote wakitengeneza kitu kilekile: hiyo ndiyo kloni yenyewe. Mwaka 1982 Marekani ikaidhinisha dawa hiyo. Hakuna mtoto aliyenakiliwa hapo. Na kwa Mwislamu kama shangazi, kuepukana na ile ya nguruwe ni faraja kubwa.

Shangazi hana friji. Kichupa hukifunga kwenye mfuko wa nailoni, akakining'iniza ndani ya mtungi wenye maji kidogo chini. Kabla ya kujidunga hukiviringisha viganjani taratibu, akakiinua kwenye mwanga wa mlango aone kama dawa imeganda mabonge. Mama mwangalifu namna hii ndiye wa kutishwa? Mgonjwa ambaye kongosho lake halitoi insulini kabisa akisusa sindano, asidi hujaa kwenye damu na siku chache tu zinatosha kumuua.

Haya, kuna pa kuogopa, sikatai. Dolly, kondoo aliyenakiliwa kutoka seli ya kondoo mkubwa, alipozaliwa Scotland mwaka 1996, majaribio 277 ya kuunganisha seli na yai yalizaa mwanakondoo mmoja tu. Anayetaka kumfanyia binadamu hivyo, hata mimi nampinga.

Lakini kama ni kufoka, tufokee bei. Mwaka 1923 haki za uvumbuzi wa insulini ziliuzwa kwa Chuo Kikuu cha Toronto, Kanada, kwa dola moja tu kwa kila mvumbuzi, ili dawa iwafikie watu. Leo, pamoja na bakteria wote hao, kuna wagonjwa wanaopunguza dozi ili kichupa kiwafikishe mwisho wa mwezi. Mhubiri akisimama kulisema hilo, nitakaa safu ya mbele.