Ufa wa Mai Mahiu: bara linapasuka, au ni mvua tu?

Machi 2018, baada ya mvua kubwa, ardhi karibu na Suswa nchini Kenya ilititia na kuikata barabara ya Mai Mahiu–Narok. Kabla korongo halijafukiwa, habari ilikuwa imeshazunguka dunia: Afrika inagawanyika vipande viwili.

Waliosema hivyo hawakuota. Ganda la dunia, yaani tabaka la mwamba tunalolikanyaga, kwa kawaida huwa na unene wa kilomita 30 hadi 40 chini ya nchi kavu. Katika Bonde la Ufa linavutwa pande mbili, nalo linatanuka na kuwa jembamba: upande wa Naivasha bado ni kilomita 35 hivi, ila ukifika Turkana zinabaki kama 20. Bamba la Somalia, yaani kipande kikubwa cha mwamba kinachobeba upande wa mashariki, linajitenga na la Nubia, linalobeba sehemu kubwa ya Afrika iliyobaki, kwa milimita chache kila mwaka. Tena kuna siku halisubiri. Septemba 2005, kule Dabbahu katika eneo la Afar, Ethiopia, ardhi ilipasuka kwa urefu wa kilomita 60 hivi katika muda mfupi, na mahali pengine bonde lilitanuka kwa mita kadhaa.

Lakini Dabbahu kulitangulia matetemeko mfululizo, na magma, yaani mwamba ulioyeyuka, ilikuwa ikijipenyeza chini. Mai Mahiu ilitangulia mvua. Kuta za korongo lile zilikuwa za udongo wa majivu ya volkano, laini, wa kumomonyoka. Maji yakizama humo huchimba njia chini kwa chini hadi dari lishindwe kujibeba. Na piga hesabu mwenyewe: kwa milimita 3 kwa mwaka, korongo la upana wa mita 10 lingehitaji zaidi ya miaka 3,000.

Kwangu mimi mvua ndiyo iliyochimba. Hata hivyo wenzetu wa upande wa pili wana hoja moja isiyopuuzwa: kwa nini pale pale? Majivu yale yamejaza nyufa za kale za mwamba, na maji hupenda kufuata nyufa hizo. Ganda lilichora mstari zamani, mvua imeufuata.

Tofauti hii ina gharama zake. Ukiamini bara linapasuka, utakunja mikono. Oktoba 2019 treni ya SGR, reli ya kisasa ya Kenya, ilianza kufika Suswa, na mhandisi wa reli ile anahitaji mitaro na ramani ya mahali majivu yalipofunika nyufa. Miaka milioni ya mabamba anaweza kuwaachia wengine.