Kupandisha sailensi siyo kutengeneza gari

Kuna kitu kinafanyika gereji mimi nakichukia kweli, nacho ni kupandisha sailensi, yaani kasi ya injini ikiwa inawaka na hujakanyaga mafuta. Gari ya miaka mingi inatetemeka ikiwa imesimama, usukani unacheza, kioo cha ndani kinatikisika mpaka gari ya nyuma huioni vizuri, fundi anafungua boneti anasikiliza kidogo anazungusha skrubu, injini inapanda mpaka kwenye mizunguko 1,100 kwa dakika (RPM) huko, mtetemo unapotea, unalipa na asante unatoa. Alafu mafuta yanaanza kuisha haraka, ukiwa na auto ukiachia breki gari inajivuta mbele kama inakimbia deni, na ugonjwa upo palepale.

Tatizo linajificha kwa sababu rahisi tu. Injini nyingi za petroli sailensi yake inakaa kati ya 600 na 900. Chukua ya silinda nne ikiwa 750: kila silinda inawaka mara moja kila injini ikizunguka mara mbili, kwa hiyo silinda moja ikifa unapata pigo linalokosekana kama mara sita kwa sekunde, na hayo mapigo sita unayasikia mpaka kwenye kiti. Ukifika 3,000 ni mara 25 kwa sekunde na flaiwili, lile gurudumu zito la injini, ina nguvu ya kutosha kumeza hiyo kasoro, unaona gari imetulia kumbe bado inamisi (silinda haiwaki) vilevile. Ndo maana nasema sailensi ni mahali pa kupimia ugonjwa, ukiipandisha umejinyima kipimo.

Sasa kabla ya spea yoyote kununuliwa kuna swali moja: injini yenyewe inakosa, au injini iko fresh ila mtetemo wake unapita mpaka kwenye bodi? Haya ni magonjwa mawili tofauti kabisa na watu wanayachanganya kila siku. Washa gari ipate joto, angalia mshale wa RPM, alafu nenda nyuma kasikilize ekzosi. Mshale ukiwa umetulia na ekzosi inatoa mlio wa mfululizo usiokatika, ila ukiweka D na umekanyaga breki gari nzima inatetemeka na ukirudisha N inapungua sana, anza kushuku mauntingi za injini, zile raba zinazoishikilia kwenye bodi. Raba zinakufa, na zile zenye maji ndani zikipasuka zinavuja, utaona uchafu mweusi wenye unyevu pale chini. Na hapa nina ugomvi na mauntingi feki ngumu kama jiwe, unafunga mpya na mtetemo unazidi kuliko ile mbovu uliyotoa, yaani bora utafute yenye raba inayofanana na ya mwanzo. Pia injini za silinda tatu zina mtetemo wake wa kuzaliwa, hiyo usihangaike nayo sana.

Ila mshale ukicheza, au ekzosi inatoa "pu... pu" ya kuruka ruka, hapo injini inamisi na mauntingi haihusiki. Taa ya cheki injini ikiwa inablinki badala ya kuwaka tu, punguza safari, mafuta ambayo hayajaungua yanaenda kuungulia ndani ya katalisti, kile kisafisha moshi cha kwenye ekzosi, na inayeyuka.

Gari zilizouzwa Marekani kuanzia modeli za 1996 zote zina OBD II, mfumo wa kompyuta ya gari kutoa taarifa za ugonjwa, na za petroli Ulaya kuanzia 2001, kwa hiyo gari yako inaweza kuwa kuukuu na bado ikasomeka kwa kimashine kidogo cha kuunganisha na simu. Kinakupa kodi, yaani namba ya ugonjwa, mfano P0302 inamaanisha silinda ya pili inamisi. Haimaanishi "nunua koili"! Koili ndo inaipa plagi umeme wa kutoa cheche, hamisha ya silinda ya pili uipeleke ya tatu, futa kodi, endesha kidogo, soma tena. Ikija P0303 koili ndo mbovu, ikibaki P0302 fanya hivyohivyo na plagi, bado ikibaki angalia nozeli inayopuliza mafuta. Haikugharimu chochote. Na plagi ukizitoa usizitupe kabla hujaziangalia, nyeusi ya masizi mafuta yanazidi, nyeupe sana mafuta yanapungua au joto limezidi, na shimo la plagi likiwa na oili basi sili za kava la valvu zimechoka, oili inaharibu raba ya koili na koili mpya nayo itakufa.

Sehemu ninayoipenda zaidi ni hewa ya wizi. Mipira ya vakyumu, ile inayotumia mvuto wa hewa wa injini, ikizeeka inakauka inapasuka, gasketi ya manifodi ya kuingizia hewa nayo, na hewa inaingia bila kupita kwenye sensa ya kupima hewa, kompyuta inamimina mafuta kidogo kuliko hewa iliyopo na injini inatetemeka. Kwenye kile kimashine tafuta asilimia ya marekebisho ya mafuta (fuel trim), yaani kompyuta inaongeza au kupunguza mafuta kiasi gani. Sailensi ikisoma mfano +20 alafu ukikanyaga mpaka 2,500 ikashuka karibu na sifuri, hapo kuna mahali panavuja hewa, kwa sababu kitobo kilekile ni sehemu kubwa ya hewa injini inapovuta kidogo na si kitu inapovuta nyingi. Ikiwa kinyume, unakanyaga na asilimia inazidi kupanda, achana na mipira kaangalie pampu na filta ya mafuta, au hiyo sensa imechafuka. Hii namba moja inaokoa pesa kuliko kitu chochote ninachokijua na mafundi wengi hawaiangalii kabisa, wanaishia kusoma kodi na kuzima taa. Ujanja mwingine ni kubana mpira mmoja mmoja kwa koleo taratibu huku injini inaunguruma, ukibana mmoja na mlio ukabadilika ghafla anzia hapo, na usisahau ule mnene unaoenda kwenye busta ya breki. Kupuliza karbuleta klina kwenye injini ya moto watu wanafanya, mi siwezi kukushauri, ile kitu inashika moto.

Throto, mlango wa hewa ya injini, ikiwa na masizi isafishwe, sawa, ila ya umeme usiisukume kwa kidole, na gari nyingi baada ya hapo zinataka kufundishwa sailensi upya, usipofanya hivyo utadhani umeiharibu. EGR, valvu inayorudisha moshi kidogo ndani ya injini, ikikwama wazi nayo inaleta fujo hiihii, barabarani gari inakwenda vizuri ukisimama tu inataka kuzima.

Ukishapita hayo yote na silinda ileile bado inamisi, pima kompresheni, yaani mgandamizo wa ndani ya silinda, usiendelee kubahatisha. Namba yenyewe inategemea injini, cha kuangalia ni tofauti, silinda dhaifu ikiwa chini ya robo tatu ya ile yenye nguvu kuna shida. Weka oili kidogo kwenye hiyo silinda upime tena, ikipanda ni ringi za pistoni, ikigoma kupanda ni valvu au gasketi ya headi, na kwa vyovyote hapo injini inafunguliwa, hakuna plagi wala skrubu ya sailensi itakayosaidia.