Kiyoyozi si kitu cha kwanza kununua

Kila inapoandikwa bajeti ya chumba cha kuhifadhi wadudu wa kisayansi huku Dodoma, mstari wa juu kabisa huwa kiyoyozi. Naona hapo ndipo fedha zinapoanza kupotea.

Miongozo mingi ya kazi hii iliandikwa kwa ajili ya nchi ambako adui mkubwa ni ukungu, yaani kuvu inayoota juu ya vitu. Ukungu unahitaji unyevu wa hewa unaopita asilimia 65 hivi, tena kwa siku nyingi mfululizo. Dodoma hupata mvua ya milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, na karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Ukavu ambao mtu wa Tanga anautafuta kwa taa na vikaushio, sisi tunaupata bure. Kiyoyozi kina faida moja ambayo siikatai: chumba kikipoa, wadudu waharibifu huzaliana polepole. Lakini kikizimika kila umeme unapokatika, joto linapanda na kushuka, jambo ambalo vielelezo, yaani wadudu waliohifadhiwa, havilipendi hata kidogo.

Fedha ziende kwanza kwenye vifuniko.

Sanduku la mbao lililotengenezwa Machi, mbao ikiwa bado na unyevu, husinyaa ifikapo Agosti. Kifuniko kilichokuwa kinabana sasa kinaacha upenyo ambao hata kucha haipiti, ila buu mchanga wa Anthrenus anapita. Huyu ni mbawakawa mdogo, mviringo, wa milimita 2 hadi 4, mwenye madoadoa. Akiwa mkubwa hula chavua ya maua; buu wake mwenye manyoya ndiye anayekula wadudu waliokaushwa. Kwa hiyo chombo cha maua mezani kwa mhifadhi ni mlango aliofunguliwa. Dalili yake ni unga laini wa kahawia chini ya pini, pamoja na magamba yenye manyoya aliyoyavua. Wakubwa hufuata mwanga, hivyo kagua kizingiti cha dirisha kabla hujakagua kabati.

Kama fundi hana mbao iliyokaa kavu msimu mzima, afadhali masanduku ya plastiki ya chakula yenye klipu nne na mpira kwenye kifuniko. Hayapendezi machoni, lakini yanabana mwaka mzima. Ndani tandika povu la polithini lenye unene wa angalau milimita 10. Usitumie lile povu jeupe la chengachenga linalofungiwa televisheni, hasa ukiwa bado unatumia vidonge vya naftalini: mvuke wake hulilainisha na kuliyeyusha, pini zinalala. Naftalini yenyewe hufukuza zaidi kuliko kuua, na inashukiwa kusababisha saratani. Iachwe.

Kinachoua ni friza. Funga sanduku ndani ya mfuko wa plastiki, toa hewa, liweke kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri kwa siku 14. Ukilitoa, usifungue mfuko mpaka saa 24 zipite, la sivyo maji yanatonea juu ya mabawa. Friza la kulala ni bora kuliko la kusimama kwa sababu baridi haimwagiki ukifungua mlango. Umeme je? Gandisha maji kwenye kikombe, weka sarafu ya shilingi 200 juu ya barafu, kiache humo. Ukikuta sarafu imezama, barafu iliyeyuka, na siku 14 zinahesabiwa upya. Kila kielelezo kinachoingia kutoka nje kipite hapo kwanza, hata kama kimeletwa na profesa.

Mchwa na sisimizi hawahitaji maelezo marefu kwa mtu wa huku. Kabati liwe la chuma na lisiguse ukuta. Miguu ya meza ya kukaushia isimame ndani ya makopo yenye mafuta.

Ukavu nao una gharama zake, lakini hutozwa porini kabla wadudu hawajafika chumbani. Panzi aliyeuawa asubuhi ya Oktoba anaweza kuwa mkavu jioni. Ukimchoma pini, miguu inabaki mezani. Weka karatasi ya chooni yenye unyevu kidogo ndani ya chupa, au wachome pini siku hiyohiyo. Waliokwisha kukauka walainishwe ndani ya chombo kilichofungwa chenye mchanga mbichi, siku moja hadi mbili. Wadudu wanaohifadhiwa kwenye pombe, yaani ethanoli, wanakumbana na shida nyingine: ethanoli hukimbia haraka kuliko maji, kwa hiyo chupa ya asilimia 70 iliyopungua haina tena asilimia 70. Ukijazia kwa asilimia 70 ileile, unabaki chini ya kiwango. Jazia kwa kali zaidi.

Pini iwe ya chuma cha pua, namba 2 au 3 kwa wadudu wengi. Mbawakawa huchomwa kwenye bawa gumu la kulia, kipepeo katikati ya kifua. Wale wasiofika milimita 5 hubandikwa kwenye ncha ya pembetatu ya karatasi ngumu, kwa gundi inayoyeyuka kwa maji, na upande unaotofautisha spishi usizibwe. Chukua dumuzi, yule mla mahindi kutoka Amerika ya Kati aliyeonekana Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980 na ambaye wakulima walimwita Scania. Kinachomtenga na ndugu yake mdogo anayetoboa nafaka ni ncha ya nyuma ya mabawa: ya dumuzi imekatika kama iliyopigwa msumeno, ya mwenzake ni ya mviringo. Ukiifunika kwa gundi, umehifadhi tundu la pini.

Lebo ndiyo inayoniudhi zaidi nikiona makusanyo ya huku. Mtu anaandika jina la kijiji na wilaya, basi. Vijiji vingi vya Ugogo vilihamishwa wakati wa Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970, na wilaya zinagawanywa: Chemba ya leo ilikuwa Kondoa. Andika latitudo na longitudo kwa desimali, tarakimu nne baada ya nukta, na utaje kuwa ni za WGS84, mfumo wa vipimo unaotumiwa na GPS. Ramani zetu za zamani za 1:50,000 zinatumia mfumo wa zamani wa Arc 1960, na tofauti kati ya mifumo hiyo ni kama mita 300 kaskazini-kusini, yaani unaweza kumtoa mdudu bondeni ukampandisha mlimani. Mwezi uandikwe kwa namba za Kirumi, 3.iv.2024, ili asitokee wa kusoma Machi. Na saa! Mtego wa taa uliowashwa saa 2 usiku uandikwe 20:00. Ukiandika 2 tu, msomaji wa Berlin atadhani ni saa nane usiku na atajenga hoja nzima juu ya nondo wa usiku wa manane ambaye hakuwepo.

Karatasi isiwe na asidi, wino uwe wa pigmenti. Wino wa kawaida wa printa hufifia, na ule wa unga wa leza hubanduka ndani ya pombe ukaelea kama majivu.

Kilichobaki kwenye bajeti ni mshahara wa mtu wa kukagua masanduku. Kufungua sanduku, kulitazama kwa tochi ya pembeni na kulifunga huchukua dakika 2 hivi. Masanduku 300 ni saa 10 kila mwezi, siku moja ya kazi na kitu. Kiyoyozi hakiwezi kuuona unga wa kahawia.