Saa ya Maunzi Ishike UTC

Kompyuta nyingi huwa na saa mbili. Ya kwanza ni saa ya maunzi, ambayo huendelea kwenda kwa nguvu ya betri ndogo hata mashine ikizimwa. Ya pili ni saa ya mfumo, inayohesabiwa na keneli, yaani kiini cha mfumo endeshi, muda wote mashine inapokuwa kazini. Hukutana pale mashine inapowashwa, mfumo unaposoma saa ya maunzi ili upate pa kuanzia, kisha kila moja hushika njia yake.

Kuachana kidogo si ajabu. Fuwele ya kwatzi inayotetema mara 32,768 kwa sekunde ndani ya saa ya maunzi huathiriwa na joto, na kosa la sehemu 20 kwa milioni hufikia takriban sekunde 1.7 kwa siku. Hilo halinisumbui, kwa kuwa NTP, itifaki ya kusawazisha saa kupitia mtandao, huinyoosha saa ya mfumo, nayo keneli ya Linux kwa kawaida huinakili kwenye maunzi kila baada ya dakika 11 hivi.

Kinachonikera ni tofauti ya saa kadhaa kamili, ambayo chanzo chake si fuwele bali ni mazoea. Windows huchukulia kwamba saa ya maunzi inashika wakati wa mahali, ilhali Linux kwa kawaida huichukulia kuwa ni UTC, yaani wakati mmoja wa dunia nzima usiobadilika kwa mahali wala msimu, kwa hiyo mtu aliyeweka mifumo yote miwili kwenye mashine moja huona kila mmoja ukivuruga kazi ya mwenzake. Wengi hukimbilia kuilazimisha Linux ifuate wakati wa mahali. Huko, kwa maoni yangu, ni kumwadhibu asiye na kosa. Katika nchi zinazosogeza saa mbele na nyuma kila mwaka, kuna saa nzima inayojirudia, na saa ya maunzi haina pa kuandika kama hii ni ya kwanza au ya pili. Tena mifumo miwili inaweza kuisogeza kila mmoja kwa zamu yake, ikawa imesogezwa mara mbili. UTC haina mtego huo, na hata Windows huikubali kupitia thamani ya RealTimeIsUniversal kwenye rejista yake, yaani hifadhi ya mipangilio yake.

Kilichobaki ni kuhakikisha kwanza kwamba saa ya mfumo imesawazishwa, ndipo itolewe kwenye Linux amri ya hwclock --systohc, inayonakili saa ya mfumo kwenye saa ya maunzi. Atakayetanguliza amri hiyo atakuwa amenakili kosa tu. Saa ikiendelea kurudi nyuma kila mashine inapochomolewa kwenye umeme, basi wa kushukiwa ni betri.