Metadata ndani ya kerneli ya Linux: ipi ipachikwe, ipi iachwe nje

Nakili vmlinuz, faili ya kerneli (kiini cha mfumo endeshi wa Linux), kutoka mashine moja kwenda nyingine, ipe jina lolote, na kitakachobaki kuitambulisha ni kile tu kilichomo ndani yake. Kwa sababu hiyo wajenzi wa kerneli hupachika humo metadata, yaani taarifa kuhusu faili yenyewe, ya kila namna: usanidi, toleo, alama ya ujenzi, hata namba za kubatilisha matoleo yenye kasoro. Lakini kila kinachoingia kina gharama yake, na si kila kitu kinastahili nafasi hiyo.

Tuanze na usanidi, orodha ya chaguo zilizotumika kuijenga kerneli. Ukiweka CONFIG_IKCONFIG=y, faili ya .config iliyotumika hubanwa kwa gzip na kuwekwa katikati ya alama mbili, IKCFG_ST na IKCFG_ED. Ukiongeza CONFIG_IKCONFIG_PROC=y, mashine iliyowaka itakuonyesha usanidi kwa amri ya zcat /proc/config.gz. Mashine ikikataa kuwaka, hati ya scripts/extract-ikconfig hutafuta alama hizo ndani ya faili yenyewe. Hati hiyo ikirudi mikono mitupu, usikimbilie kusema usanidi haumo. Huenda kerneli imebanwa kwa zstd au lz4 na kompyuta unayotumia haina programu ya kuifumua. Au chaguo liliwekwa m (moduli, kipande kinachopakiwa kando) badala ya y (ndani ya kerneli), na usanidi umeenda kukaa kwenye moduli ya configs.ko.

Wanaopinga kupachika usanidi wana hoja mbili. Ya kwanza ni RAM: kumbukumbu ya kerneli haihamishiwi diski, kwa hiyo makumi ya kilobaiti za usanidi hukaa humo muda wote mashine inapokuwa hewani. Kwenye seva hilo si kitu. Kwenye ruta ndogo lina uzito. Debian huweka nakala ya usanidi kando, kwenye /boot, na pale ambapo kerneli na usanidi wake vinasakinishwa na kifurushi kimoja, utaratibu huo unatosha. Haufai kwenye simu, ambako kerneli huandikwa moja kwa moja kwenye kizigeu (sehemu ya hifadhi) chake bila faili ya kando. Ndiyo maana Android huidai /proc/config.gz: ukaguzi wake wa upatanifu husoma humo kuona kama chaguo zinazotakiwa zimewashwa.

Hoja ya pili ni usalama. /proc/config.gz husomwa na mtumiaji yeyote, na mshambuliaji ataona ni kinga zipi zimezimwa. Kwa kerneli za usambazaji wa umma hoja hii ni dhaifu, maana usanidi wao unapatikana kwa kila mtu. Uvujaji wa kutia wasiwasi zaidi ulitokea mahali ambapo wengi hawakupatazama: sehemu ya .notes, inayosomwa kupitia /sys/kernel/notes. Kerneli zilizojengwa na CONFIG_XEN_PV=y huandika humo anwani za msimbo ili Xen, programu ya kuendesha mashine pepe, ijue pa kuanzia. Anwani hizo zilikuwa zinasahihishwa kulingana na mahali kerneli ilipopakiwa kila mashine inapowaka, sawa na anwani nyingine zote, na hivyo mtumiaji wa kawaida aliweza kukokotoa mahali ambapo KASLR, kinga inayoiweka kerneli mahali pa kubahatisha kwenye kumbukumbu, imeificha. Kasoro hiyo ilisajiliwa kama CVE-2024-26816, na tiba yake ikawa kuacha kuzisahihisha anwani za .notes. Kabla ya kupachika chochote, basi, uliza nani ataweza kukisoma mashine ikishawaka.

Kwa SBAT, taarifa za kizazi zinazotumika kubatilisha programu za kuwasha mashine, upande wa kupachika una nguvu kuliko kwingine kote. Udhaifu wa BootHole katika GRUB2, programu inayoipakia kerneli, ulipotangazwa mwaka 2020, kubatilisha programu zilizoathirika kulihitaji vyeti 3 na heshi (alama za kidijitali za utambulisho) 150 za faili, takriban kilobaiti 10 kati ya 32 ambazo kwa kawaida UEFI, programu ya msingi ya mashine, hutenga kwa kazi hiyo. Dharura chache za namna hiyo na nafasi ingekwisha. SBAT huweka ndani ya bainari iliyotiwa saini jina la kijenzi na namba ya kizazi chake. Kubatilisha kunakuwa ni kupandisha kiwango cha chini kinachokubalika. Taarifa hii ikikaa kando haina maana, kwa kuwa mtu ataibadilisha bila kugusa saini. Tangu toleo la 6.16, CONFIG_EFI_SBAT_FILE huipachika wakati wa ujenzi. Lazima iingie kabla ya kutia saini. Ukiiongeza baadaye kwa objcopy, heshi inabadilika na Secure Boot, ukaguzi wa saini wakati wa kuwaka, inakataa. Ikague kwa objdump -s -j .sbat.

Upande wa pili wa SBAT ni mkali vilevile. Agosti 2024, sasisho la Windows lilipandisha kiwango, na mashine nyingi zilizokuwa na Windows na Linux kwa pamoja zikashindwa kuwasha Linux, zikionyesha ujumbe wa SBAT self-check failed. Namba moja iliyopandishwa bila kuhesabu walioko nyuma hufunga mashine za watu wasio na kosa.

Jina la mjenzi, jina la kompyuta na saa ya ujenzi ningeviondoa bila kusita. Huingia kwenye mstari wa Linux version, na kwa sababu yao watu wawili wakijenga msimbo uleule hupata faili tofauti, hata isiwezekane kuthibitisha kwamba bainari imetoka kwenye msimbo unaodaiwa. Weka thamani zisizobadilika katika vigeu vya ujenzi vya KBUILD_BUILD_USER, KBUILD_BUILD_HOST na KBUILD_BUILD_TIMESTAMP. Usiihamishie tarehe kwenye LOCALVERSION, nyongeza ya mwisho wa jina la toleo: jina la toleo haliruhusiwi kuzidi herufi 64, na likibadilika, moduli zilizojengwa kwa jina la zamani hazitapakiwa. Tumia build-id, ile heshi ya baiti 20 inayosomwa kwa readelf -n vmlinux, kisha tunza tarehe, mjenzi na alama za utatuzi kwenye hazina yako chini ya heshi hiyo.