Kipokezi cha Eksirei Kipimwe kwa Unyevu wa Lamu

Watengenezaji wa vipokezi vya eksirei, yaani paneli zinazonasa miale na kutoa picha, hushindana kwa ukali wa picha. Sina ubishi: kipokezi kinachonasa miale vizuri humpunguzia mgonjwa mionzi. Lakini kwa paneli itakayovushwa kwa boti kutoka Mokowe hadi kisiwa cha Amu (Lamu), naona swali la kwanza liwe: imezibwaje dhidi ya unyevu?

Paneli nyingi za kidijitali zina seziamu ayodidi, kemikali inayogeuza miale kuwa mwanga, iliyotiwa thaliamu kidogo. Huoteshwa kama sindano nyembamba zilizosimama wima, unene wote ukiwa karibu nusu milimita, na kila sindano huushusha mwanga moja kwa moja kwenye silikoni inayousoma. Hapo ndipo ukali wa picha unapotoka. Ila ni chumvi, nayo hunyonya maji kama ya jikoni msimu wa masika. Unyevu ukipenya gundi ya ukingoni, sindano huharibika, mwanga husambaa, na ufa mwembamba wa mfupa waweza kupotea. Kalibresheni haiponyi: husawazisha weupe na weusi, hairudishi ukali.

Gadoliniamu oksisalfaidi, kemikali nyingine ya kazi hiyo hiyo, haiogopi maji. Lakini ni unga uliochanganywa na gundi: ukiuongeza unene picha inafifia, ukiupunguza miale inapita bure. Kwa kifua cha mtoto mchanga hasara hiyo ni kubwa mno, kwa hiyo mimi bado nasimama na seziamu. Perovskaiti, fuwele za aina mpya za kunasa miale, ambazo watafiti wa Korea Kusini walionyesha mwaka 2017 kuwa zinaweza kuchapwa kwenye paneli pana, nyingi nazo huharibiwa na unyevu, tena zina madini ya risasi.

Hewa ya nyuzi 32 yenye unyevu wa asilimia 75 hutoa umande juu ya kitu chochote chenye nyuzi 27 kushuka chini. Paneli ya akiba iliyotoka chumba cha nyuzi 22 ikifunguliwa wodini italowa. Iacheni kwenye mfuko uliofungwa mpaka ipate joto la wodi. Jenereta nayo ibebe kiyoyozi, si mashine peke yake. Kila mwezi lazeni wavu wa chuma juu ya paneli, mpige picha, mlinganishe pembeni na katikati, maana uharibifu huanzia ukingoni.

Na kwenye karatasi ya vipimo, mtengenezaji aandike ukali wa picha, katikati na pembeni, baada ya paneli kukaa saa 1,000 katika nyuzi 40 na unyevu wa asilimia 90. Asiyeandika, zabuni ya kaunti za pwani imruke.